Nyanya na Pilipili za Chunguni: Kutambua Kosa la Ukubwa wa Chombo kwa Dalili Zake

Mtu anayelima kwenye vyombo anapoona jani la nyanya limegeuka manjano, hufikiria mbolea kwanza, kisha dawa, na mara nyingi hununua vyote viwili kabla ya kugusa udongo. Kwa uzoefu wangu, sehemu kubwa ya malalamiko ya aina hiyo haitokani na upungufu wa mbolea wala ugonjwa, bali na chombo chenyewe: ni kidogo mno kwa mmea uliomo, au ni kikubwa mno kwa mche uliomo, au ujazo wake unatosha lakini ni kifupi kiasi kwamba maji hutuama kwenye mizizi. Mmea wa shambani ukikosa maji juu, huteremsha mizizi kuyafuata. Wa chunguni umezungukwa na ukuta pande zote, na kile ulichokosa siku ya kupandwa utaendelea kukikosa mpaka uhamishwe.

Chombo hutunza maji, hutunza hewa, na huikinga mizizi isipate joto kali. Ukubwa ukikosewa, moja kati ya kazi hizo hulegalega, na dalili yake hujitokeza kwenye jani au kwenye tunda, mbali na pale tatizo lilipoanzia. Ndiyo maana dalili moja, kwa mfano kunyauka, inaweza kuwa na vyanzo viwili vinavyopingana kabisa, na tiba ya kimoja ikawa ndiyo inayoua mmea wenye kingine.

Kwanza pima lita, usitazame upana wa mdomo

Vyungu huuzwa kwa kipenyo cha mdomo, nacho ni kipimo kinachopotosha. Chungu kilichonyooka chenye kipenyo cha sentimita 20 na kina cha sentimita 20 kina ujazo wa takriban lita 6, ilhali chenye sentimita 30 kwa 30 kina takriban lita 21. Kwa macho, cha pili kinaonekana kimezidi kwa nusu tu, kumbe kinabeba udongo zaidi ya mara tatu. Tena vyungu vingi hupungua upana kuelekea chini, hivyo ujazo wake wa kweli ni mdogo kuliko hesabu hiyo.

Njia ya hakika ni kutandika mfuko wa plastiki usiovuja ndani ya chombo, kisha kumimina maji kwa chupa ya lita moja huku ukihesabu, na kuishia sentimita 3 chini ya ukingo, kwa kuwa nafasi hiyo ya juu huachwa wazi kwa ajili ya kumwagilia. Katika chombo chenye kipenyo cha sentimita 30, sentimita hizo 3 peke yake ni lita 2. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 haibebi lita 20 za udongo. Baada ya kuacha nafasi hiyo na baada ya udongo kushuka kwa kumwagiliwa, hubaki kama lita 17 hivi, na hiyo ndiyo namba ya kutumia unapoamua mmea gani uingie humo.

Kisha utoe mmea na kutazama mizizi

Hakuna kipimo kinachoshinda hiki, na ninasikitika kila nikiona mtu amemaliza wiki mbili akibadilisha mbolea bila kukifanya. Subiri nusu siku baada ya kumwagilia ili udongo ushikamane bila kuwa tope. Pitisha shina kati ya vidole viwili, kiganja kikiwa kimefunika udongo, pindua chungu, kisha gonga ukingo wake kwenye kona ya meza mara moja au mbili. Kama chombo ni kikubwa, kilaze ubavuni, kibonyeze pande zote ukikizungusha, na uvute donge lote la udongo na mizizi taratibu kwa kushika chini ya shina, si juu kwenye matawi.

Donge zuri lina mizizi myeupe au ya rangi ya maziwa iliyofika ukingoni hapa na pale, na udongo bado unaonekana kati ya mizizi hiyo. Donge la mmea uliobanwa limefunikwa na mkeka wa mizizi inayozunguka, hasa chini, kiasi kwamba udongo hauonekani, na ukiliweka mezani linasimama na umbo la chungu kama kwamba bado limo ndani. Donge la chombo kilichozidi ukubwa halifiki hata mezani. Udongo unamomonyoka na kuanguka, katikati inabaki ngumi ndogo ya mizizi, na mara nyingi hutoka harufu ya kinamasi.

Shika mzizi mmoja kwa kucha mbili uuvute polepole. Ganda lake likivuka kama soksi na kubaki uzi mwembamba, mzizi huo umekufa kwa kukosa hewa. Ukikatika kwa mlio mdogo na ndani ukawa mweupe, bado ni mzima. Hata mizizi iliyozeeka na kuwa ya kahawia hupita jaribio hili ikiwa hai, kwa hiyo usihukumu kwa rangi peke yake.

Mmea unanyauka mchana, na jioni unaamka

Kama mmea umelegea saa nane mchana wa jua kali na umeamka wenyewe jioni bila kumwagiliwa, huenda hakuna kosa lolote. Majani yametoa maji haraka kuliko mizizi ilivyoweza kuyavuta, na nyanya na biringanya hufanya hivyo hata zikiwa ardhini. Kosa la chombo hujulikana pale mmea uliomwagiliwa vizuri asubuhi unaponyauka kila siku mchana, na hauamki mpaka umwagiliwe tena.

Hesabu yake ni hii. Udongo mzuri wa chunguni hushika maji kiasi cha nusu ya ujazo wake hivi baada ya ziada kuchuruzika, na mmea hauwezi kuyanyonya yote, kwa kuwa sehemu yake hung'ang'aniwa na chembe za udongo. Chungu cha lita 6 basi kina takriban lita 3 za maji, na zinazopatikana kwa mmea hazifiki hizo. Nyanya ndefu iliyojaa majani na matunda inaweza kunywa lita 2 au zaidi kwa siku ya jua kali. Ni wazi kwamba chungu hicho hakina akiba ya siku nzima, na mkulima amejifunga kumwagilia mara mbili kila siku bila kukosa hata siku moja.

Tiba ya kweli ni ujazo. Ila kama mmea umeshaanza kuzaa, sishauri kuuchambua mizizi, kwa sababu utaangusha maua na matunda machanga. Kama chombo ni ndoo ya plastiki, kata kitako chake kwa uangalifu bila kulichana donge, kisha kiweke chombo hicho chote, mmea ukiwa ndani, juu ya chombo kipana kilichojazwa udongo mpya hadi karibu na ukingo. Mizizi itashuka yenyewe ndani ya wiki chache, na mmea hautakuwa umetikiswa. Wakati huohuo, funika uso wa udongo kwa matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa sentimita 3 hadi 5, maana maji yanayopotea juu ya udongo ni mengi kuliko wengi wanavyodhani.

Mmea unanyauka, lakini udongo umelowa

Dalili hii ndiyo inayowapoteza watu wengi zaidi, kwa sababu jani lililolegea linamwita mkulima amwagilie, naye anamwagilia, na kwa kufanya hivyo anaondoa hewa kidogo iliyokuwa imebaki. Mizizi hupumua. Matundu ya udongo yakijaa maji muda mrefu, oksijeni huisha, mizizi hufa kuanzia chini, na mmea unanyauka kwa kiu ingawa umesimama katikati ya maji. Vimelea vya kuozesha mizizi, kama vile Pythium, hustawi katika hali hiyohiyo.

Kuna njia mbili za kufika hapo kupitia chombo. Ya kwanza ni mche mdogo kwenye chombo kikubwa. Niliwahi kutoa miche ya pilipili ya majani manne kwenye trei na kuipanda moja kwa moja kwenye ndoo za lita 20, nikiamini kwamba nimeipa kila kitu mapema na kwamba sitaihamisha tena. Kwa wiki tatu haikuongeza jani. Juu udongo ulikuwa mkavu, nami nikawa namwagilia kila nilipouona umepauka, ilhali nilipochimba kwa kidole hadi kina cha kiganja, chini kulikuwa tope baridi. Mizizi ya mche huo ilikuwa ikinywa kutoka sehemu ndogo sana ya udongo, na sehemu iliyobaki haikuwa na mnywaji, hivyo maji yakakaa humo siku baada ya siku. Visubi weusi wa udongo walipoanza kuruka nikigusa majani, nikajua kwamba uso wa udongo haujakauka sawasawa tangu nilipopanda. Nilipoirudisha miche iliyokuwa hai kwenye vikopo vya nusu lita, jani jipya lilitokea ndani ya siku kumi.

Njia ya pili ni chombo kifupi na kipana. Maji katika chombo hayachuruziki yote. Safu ya chini hubaki imejaa hata kama matundu ni mengi, na kimo cha safu hiyo hutegemea aina ya udongo, si kina cha chombo. Chukua sifongo pana, iloweshe mpaka ijae, ishike ikiwa imelala mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe kwa upande wake mrefu: maji mengine yatatoka palepale, ingawa sifongo ni ileile. Vivyo hivyo, kama udongo wako hubaki na safu ya maji ya sentimita 5 chini, basi katika beseni la kina cha sentimita 12 karibu nusu ya udongo haina hewa, ilhali katika chungu cha kina cha sentimita 30 ni sehemu moja tu kati ya sita. Lita zinaweza kuwa sawa katika vyombo vyote viwili na matokeo yakatofautiana kabisa.

Hapa ndipo ninapowaomba watu waache kuweka kokoto chini ya chungu. Safu ya maji haishuki ndani ya kokoto. Husimama juu yake, kwenye udongo, na mizizi inapoteza kina ambacho ingekitumia. Weka kipande cha wavu juu ya matundu ili udongo usitoke, na uujaze udongo mpaka chini. Kama mchanganyiko wako ni mzito, ongeza vitu vya chembe kubwa kama perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliochomwa) au pumba za mpunga katika udongo wote, si kwa safu.

Mmea uliokwisha kuathirika utolewe, mizizi iliyooza ikatwe, upandwe kwenye chombo kinachozidi donge lililobaki kwa vidole viwili tu kila upande, na umwagiliwe mara moja. Baada ya hapo, subiri mpaka chungu kiwe chepesi mkononi ndipo umwagilie tena.

Maji yanapita juu na kutoka chini papo hapo

Wengi wakiona hivi husema moja kwa moja kwamba mizizi imejaa. Inawezekana, lakini thibitisha kwanza, kwa maana mchanganyiko wenye piti (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu) au mboji nyingi ukikauka kabisa hukataa maji: udongo hujikunja na kuachana na ukuta wa chungu, na maji hupita kwenye ufa huo bila kulowesha chochote ndani. Weka chungu kwenye beseni la maji yafike nusu ya kimo chake kwa nusu saa hivi, kisha kinyanyue. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mkono utajua kama kimekunywa. Kikiwa kizito na kesho maji yakapita kwa utulivu, tatizo lilikuwa ukavu. Kikiwa chepesi bado, au kesho yake kikawa kikavu tena, toa mmea. Utakuta mkeka wa mizizi na udongo kidogo sana.

Mmea umedumaa, majani ya chini ni manjano

Mbolea ya naitrojeni huleta nafuu kwa siku chache, na nafuu hiyo ndiyo inayomdanganya mkulima. Mmea ulioishiwa naitrojeni hunyang'anya majani yake ya zamani ili kulisha ncha, na hufanya hivyo ukiwa katika udongo maskini sawa na ukiwa katika udongo mzuri uliokwisha kwa sababu ni mchache. Tofauti huonekana baada ya kuweka mbolea: kama kimo na majani mapya vimeendelea kwa wiki tatu au nne, tatizo lilikuwa lishe, kama mmea umepata rangi tu lakini haukui, tatizo ni nafasi.

Mwaka 2012 mtafiti wa mimea Hendrik Poorter na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 65 ya ukubwa wa vyungu, wakakuta kwamba kuongeza ujazo mara mbili kuliongeza uzito wa mmea kwa wastani wa asilimia 43, na kwamba udogo wa ukuaji katika vyungu vidogo ulitokana hasa na kupungua kwa usanisinuru, yaani kazi ya jani ya kutengeneza chakula kwa mwanga, katika eneo lilelile la jani. Kwa mkulima, maana yake ni kwamba mmea uliobanwa hauna majani machache tu, bali hata yale uliyonayo hayafanyi kazi kwa uwezo wake. Vilevile ujazo mara mbili haukuleta mmea mara mbili, kwa hiyo kuna mahali ambapo lita za ziada hazilipi tena udongo, uzito na nafasi unayozitolea.

Unapohamisha mmea uliobanwa, usiingize donge kama lilivyo. Mizizi inayozunguka huendelea kuzunguka hata ikipewa udongo mpya. Kwa kisu safi, chora mikato minne ya wima kuanzia juu hadi chini, yenye kina cha sentimita moja hivi, kata mkeka wa chini, na ulegeze pembe kwa vidole. Nyanya unaweza kuizika shina mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa shina lake huota mizizi kwa urahisi. Pilipili iache kwenye kimo chake kilekile.

Kitako cha tunda kimeoza na kuwa cheusi

Doa hili la kahawia au jeusi, kavu na lililobonyea, ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na mara nyingi kalsiamu ipo tele kwenye udongo. Madini haya husafiri na maji. Maji yakikatika mchana na kurudi jioni, majani yanayotoa mvuke mwingi huchukua fungu kubwa na tunda hukosa. Chombo kidogo hukauka na kulowa kwa kupokezana kila siku, ndiyo maana dalili hii huonekana mno humo, hasa kwenye nyanya ndefu za matunda marefu. Ondoa matunda yaliyoharibika, sawazisha umwagiliaji, na msimu ujao ongeza lita. Kusaga maganda ya mayai na kuyamwaga juu ya udongo hakutaokoa tunda la mwezi huu.

Ukoko mweupe juu ya udongo, ncha za majani zimeungua

Ni chumvi za mbolea na za maji zilizobaki. Katika udongo mchache, kipimo kilekile cha mbolea kinakuwa kikali zaidi. Kwangua ukoko, pitisha maji safi mengi, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu, yatoke chini na yasiachwe kwenye kisahani, kisha punguza mbolea kwa nusu.

Mizizi imekufa upande mmoja tu

Tazama jua linapiga upande gani. Chungu cheusi cha plastiki kilichosimama juani kinaweza kupita nyuzi joto 40 kwenye ukuta wake, na mizizi ya ukutani huungua kabla hujaona chochote juu. Chombo kidogo huathirika zaidi kwa kuwa hakina udongo wa kutosha wa kupooza joto hilo. Kivishe gunia, kipake rangi nyeupe, au kisimamishe ndani ya chombo kingine kipana chenye nafasi ya hewa katikati. Mifuko ya kitambaa haipati joto hilo, na mzizi ukifika ukutani hukaukia kwenye hewa na kutoa matawi badala ya kuzunguka. Gharama yake ni kwamba hukauka upesi, hivyo mpe mmea lita chache zaidi kuliko ambavyo ungempa kwenye plastiki.

Lita ninazotumia, na jinsi ya kupanda ngazi

Kwa nyanya ndefu zinazopanda mti, ninaanzia lita 20 za udongo halisi na kuendelea, na kwa nyanya fupi lita 10 hadi 15. Biringanya hupata lita 15, pilipili hoho na pilipili kali lita 8 hadi 12. Rihani moja inaridhika na lita 3, na saladi na lita 2 au 3 zenye kina cha sentimita 15. Mmea mrefu unaoanguka kila upepo unapovuma nao unakuambia kwamba chombo ni chepesi au chembamba kuliko kichwa chake.

Mche hauingii humo siku ya kwanza. Kutoka kwenye trei huenda kwenye kikopo cha nusu lita, kisha chungu cha lita 2, kisha makao yake ya mwisho, na kila mara ninasubiri mizizi ionekane ukingoni na donge litoke bila kumomonyoka kabla ya kuhamisha. Ninahamisha jioni, naweka kivulini siku mbili au tatu, na simpi mbolea wiki ya kwanza. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayatarudi kijani, kwa hiyo usiyatazame hayo kujua kama umefaulu. Tazama ncha ya juu, ambako jani jipya litafunguka likiwa pana kuliko lililolitangulia.